UZI: Vyoo vya kuhamishika saiti ya ghorofa 6, viwe vingapi na vikae wapi?

RambaSaba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mchango wa wenye uzoefu na vyoo vya plastiki vya kukodi, vile vinavyoletwa na gari na kunyonywa na gari.

Saiti iko Dar. Kiwanja ni mita 30 kwa 45, barabara iko upande wa kusini na geti liko kona ya kusini-magharibi. Jengo ni la ghorofa 6, halina besimenti, msingi unashuka mita 2. Upande wa magharibi inabaki nafasi ya mita 5 kati ya jengo na ukuta, upande wa mashariki mita 3. Jirani wa magharibi ni ghala, wa mashariki ni nyumba za watu. Watu tutaanza 25 na kilele ni 85, kati yao wanawake kama 10. Kazi siku 6 kwa wiki, miezi 10. Choo cha shimo hakifai, maji ya ardhini yako juu sana eneo hilo.

Mpango wa awali ni vyoo 3 kwenye kona ya nyuma, kaskazini-mashariki, kwa sababu ndiyo iliyo wazi na haionekani barabarani. Nasubiri maoni kabla ya kuchora ramani ya saiti.

GariLaMajitaka

Mkuu, hiyo kona ya nyuma ifute kabisa.

Watu wengi hupanga choo kwa kuangalia pembe isiyo na kazi, halafu wiki ya tatu wanashangaa kwa nini hakinyonywi. Choo cha kuhamishika ni tanki la lita 220 hadi 260 lenye kibanda juu yake. Gari lisipokifikia hakina maana. Kwa hiyo chora kwanza njia ya gari, kisha weka vyoo kando ya hiyo njia.

Vipimo vya kuzingatia: gari la kunyonya lina upana wa mita 2.5 hivi, kwa hiyo geti lisipungue mita 3.5. Angalia nyaya na jukwaa linalotokeza, acha mita 4.2 kwenda juu. Mpira wa kunyonya uulize kwa mtoa huduma kabla ya kusaini. Magari madogo ya vyoo vya kukodi mengi yana mpira wa kama mita 10, magari makubwa ya majitaka huunga vipande hadi mita 20 au 30. Kila kiungo ni mahali pa kuvuja, na kila mita inapunguza nguvu ya kunyonya, hasa uchafu ukiwa mzito.

Kwako wewe kuna jambo lingine zito. Gari la lita 10,000 likijaa limebeba tani 10 za majitaka peke yake, bila kuhesabu uzito wa gari. Ukichimba msingi wa mita 2 na kuacha nafasi ya kufanyia kazi, ile mita 5 ya magharibi inabaki kama 4. Gari likipita pale, matairi yako kwenye ukingo wa shimo na udongo wa mchanga wa Dar haukusamehe. Kanuni rahisi: uzito wa namna hiyo usikaribie ukingo kwa umbali unaopungua kina cha shimo. Kwa hiyo gari libaki getini, kwenye ardhi ngumu, na vyoo vianze kama mita 6 kutoka getini, vikipangwa kwa mstari kufuata ukuta wa magharibi. Mpira wa mita 20 unafika vyote. Hata tope la masika halitakuzuia, kwa sababu gari haliingii ndani.

BintiUsalama

Nakubaliana na mchangiaji wa juu kuhusu mahali. Mimi niongelee idadi, maana vyoo 3 kwa watu 85 ni tatizo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vyoo vya kutosha, vinavyofaa na vinavyotunzwa safi, na wanaume na wanawake watengewe. Hilo halina mjadala. Kinachobaki ni kujua "vya kutosha" ni vingapi, na hapo wengi huchukua jedwali la nje bila kusoma masharti yake.

Kanuni za OSHA ya Marekani (wakala wao wa usalama kazini) kwa ujenzi zinasema watu 20 au pungufu choo kimoja, wakizidi hapo choo kimoja na sehemu moja ya haja ndogo kwa kila watu 40. Kwa watu 85 unapata vyoo 3 na sehemu 3 za haja ndogo. Uingereza, mamlaka ya afya na usalama kazini inaelekeza kwenye kipimo cha choo kimoja kwa watu 7 pale choo cha kuhamishika kinaponyonywa mara moja kwa wiki. Kwa watu wale wale 85 unapata vyoo 13. Vitatu dhidi ya kumi na vitatu! Tofauti inatokana na swali linaloulizwa: la kwanza linahesabu viti, la pili linahesabu tanki litajaa lini.

Kwa choo cha kuhamishika fuata la pili, yaani hesabu ya tanki. Na hesabu yetu ni kubwa kuliko ya kwao kwa sababu moja: sisi tunatumia maji.

Chukua tanki la lita 230. Lita 20 za mwanzo ni maji na dawa ya bluu ya kuzuia harufu. Usiliruhusu lipite robo tatu, maana hapo uchafu unarusha matone na harufu haizuiliki. Kwa hiyo nafasi halisi ni kama lita 150. Mtu anayetumia karatasi huacha kama lita 1.2 kwa siku ya kazi. Mtu anayejisafisha kwa maji, kopo moja la lita moja hadi moja na nusu kwa haja kubwa na kidogo kwa haja ndogo, weka lita 3 kwa siku. Watu 10 kwa choo kimoja, siku 6, ni lita 180. Limeshapita. Wiki haijaisha.

RambaSaba

Dada, hapo kwenye maji umenifungua macho. Sasa kwa watu 85 inakuwaje? Na nikiwaambia watumie karatasi tu?

BintiUsalama

Usijaribu kuwazuia. Watatafuta maji wenyewe, watabeba chupa za plastiki na kuzitupa ndani ya tanki, na chupa ndiyo inayoziba mpira wa kunyonya. Panga kwa jinsi watu wanavyoishi.

Hesabu: 85 × lita 3 = lita 255 kwa siku. Tenga haja ndogo ya wanaume ipate tanki lake. Wanaume 75 × lita 0.9 ni kama lita 68 kwa siku, wiki nzima lita 405, tanki la lita 500 linatosha. Inabaki kama lita 187 kwa siku kwenye vyoo. Ukinyonya mara 2 kwa wiki, kila siku 3, ni lita 561. Gawa kwa 150 unapata vyoo 4 vinavyobana sana, chukua 5: vinne vya wanaume, kimoja cha wanawake.

Jaribu pia foleni. Saa nne wakati wa chai, dakika 30, tuseme robo ya watu wanataka kuingia, yaani 21. Kila mmoja dakika 5, choo kimoja kinahudumia watu 6, vitano vinahudumia 30. Inapita. Kwa vyoo 3 ungeishia 18, na hao wengine wangekwenda nyuma ya rundo la mchanga.

Cha wanawake kiwe na komeo la ndani linalofunga kweli, pipa dogo lenye mfuniko kwa taulo za kike, na mlango usitazame sehemu ya haja ndogo ya wanaume. Kisitumike kama stoo ya vifaa. Mara nyingi hicho ndicho kinachogeuzwa stoo, na dada zetu wanaobeba maji na kokoto wanaacha kunywa maji ili wasihitaji choo. Juani, hiyo ni hatari kubwa kiafya. Mama lishe naye mhesabu, hata kama hayuko kwenye orodha ya mishahara.

PwaniYetu

Naongezea mambo mawili ya kwetu pwani ambayo jedwali la Ulaya halina.

Upepo. Kaskazi unavuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi unavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba hivi. Mradi wa miezi 10 utapitia pepo zote mbili. Choo kikiwa kaskazini-mashariki kama ulivyopanga, kaskazi nzima saiti inakula harufu. Kikiwa magharibi, kaskazi unapeleka harufu kusini-magharibi na kusi unapeleka kaskazini-magharibi, nje ya saiti yako misimu yote. Na jirani wa magharibi ni ghala, siyo nyumba ya watu. Mama lishe na tanki la maji ya kunywa viweke mashariki.

Kibla. Dar, Zanzibar na Mombasa ziko karibu kusini kabisa mwa Makka, kwa hiyo kibla ni kaskazini. Kwenye vibanda hivi mtu anakaa akitazama mlango. Mlango ukielekea kaskazini au kusini, mtumiaji anaelekea kibla au anakipa mgongo, na Waislamu wengi watakiepuka choo hicho. Vipange kwa mstari wa kaskazini–kusini, migongo ukutani magharibi, milango mashariki. Haigharimu kitu, na kwako inaangukia vizuri kabisa na mpango wa gari.

Chagua vya kuchuchumaa kama mtoa huduma anavyo. Siti ya plastiki hupandwa na buti zenye zege, inapasuka ndani ya wiki chache.

Mjengo254

Salamu kutoka Nairobi. Hapa kwenye mijengo mirefu tatizo kubwa ni ghorofa za juu, na naona halijaguswa.

Mtu wa ghorofa ya 6 yuko karibu mita 20 juu. Kushuka ngazi, kutumia choo na kupanda tena ni kama dakika 12. Watu 20 juu, safari 2 kwa siku, ni dakika 480. Hiyo ni siku nzima ya fundi mmoja, kila siku. Mwenye mradi akilalamika kuhusu gharama mwonyeshe hesabu hiyo. Na wasiposhuka, ujue shimo la lifti na vyumba vya pembeni ndivyo vitakavyotumika, halafu mafundi wa plasta wanakataa kuingia, na wana haki.

Weka sehemu ya haja ndogo kwenye ghorofa ya 3 na ya 5. Siyo lazima iwe ya kukodi. Sinki la plastiki lenye uzio wa plaiwudi, bomba la PVC la milimita 50 linaloshuka hadi kwenye tanki la chini. Bomba lifungwe kwenye nguzo kila mita 1.5 hadi 2. Chini usitumie kona moja ya nyuzi 90, tumia mbili za 45, la sivyo kishindo cha maji kinafungua kiungo. Acha bomba la hewa lipande juu ya sinki la juu kabisa. Kila jioni mwaga ndoo ya maji, mkojo ukikaukia kwenye bomba hufanya magamba na kuziba.

Choo kamili juu ni kazi zaidi. Kinapandishwa na kreni kikiwa kitupu, na kiwe na fremu ya kuinulia iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Mikanda iliyozungushwa kwenye kibanda cha kawaida inakipasua. Kisishushwe kikiwa na uchafu. Kama hakuna kreni, tafuta vile vidogo vyenye magurudumu vinavyoingia kwenye lifti ya mizigo.

Kwa wanaosoma huu uzi wakiwa na besimenti: gari linanyonya kwa ombwe, yaani kwa kutoa hewa ndani ya tanki lake, haliwezi kuvuta zaidi ya uzito wa hewa. Usawa wa bahari kikomo cha kinadharia ni mita 10.3 za maji. Nairobi, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, kinashuka hadi kama mita 8.4. Kwa uchafu halisi na mpira mrefu, hesabu mita 5 au 6 tu. Besimenti ya tatu hainyonyeki kutoka barabarani. Huko weka tanki lenye pampu, au panga choo kiwe ghorofa ya chini.

GariLaMajitaka

Sahihi kabisa hiyo ya ombwe. Niongeze kwa upande wa juu: kunyonya kutoka ghorofani kunavutia kwa sababu uchafu unashuka wenyewe, ila mpira ukishajaa unaendelea kushuka hata pampu ikizimwa. Kiungo kikiachia, uchafu wote unamwagika kwenye ukuta wa jengo. Anayenyonya awe na valvu pande zote mbili, juu na chini.

MzeeWaZege

Vijana mmechambua vizuri. Mimi nasema kuhusu ratiba, maana saiti haikai vile vile miezi 10.

Siku ya kumwaga zege la slabu, watu 85 wanaweza kuwa 120. Pampu ya zege na malori yanaziba geti kuanzia asubuhi hadi usiku, na gari la majitaka halipiti. Kwa hiyo huduma ya kunyonya iwe siku moja kabla ya slabu. Iandike kwenye ratiba ya zege, pale pale palipoandikwa saruji na mashine ya kutetemesha zege. Ukiiacha kwenye daftari la ofisini itasahaulika.

Wakati wa msingi na watu 25, vyoo 2 na sehemu ya haja ndogo vinatosha: kimoja cha wanaume, kimoja cha wanawake. Ongeza watu wakizidi hapo, tena kabla hawajazidi. Usiviweke mahali patakapochimbwa tanki la majitaka la jengo lenyewe au njia ya mabomba, utalazimika kuvihamisha vikiwa vimejaa. Visiwe chini ya mkono wa kreni wala chini ya jukwaa. Kama hakuna pengine, viezekewe kwa mbao nzito na mabati, siyo turubai.

Hatua ya umaliziaji ndiyo inayodanganya. Watu wanaona vyoo vya jengo vimefungwa sinki, wanarudisha vya kukodi mapema. Mafundi wanatumia vyoo vipya visivyo na maji, wanamwaga humo mabaki ya grauti (uji wa kuzibia vigae) na rangi, bomba linaziba ndani ya ukuta. Vya jengo vifungwe kwa kufuli hadi siku ya makabidhiano. Vya kukodi viondoke mwisho.

RambaSaba

Asanteni sana. Kuhusu sakafu ya kuwekea: nimwage zege au kokoto inatosha? Na dawa ya bluu, inanunuliwa na nani?

GariLaMajitaka

Kokoto inatosha. Sawazisha, milimita 100 za kokoto zilizoshindiliwa, juu yake palleti au mbao za inchi 2 kwa 4. Hakikisha usawa kwa pimamaji pande mbili. Choo kikiinama, uchafu unakusanyika upande mmoja, mpira haufiki pembeni, na mlango haufungi. Vibanda 5 vyenye upana wa mita 1.1 hadi 1.2, pamoja na nafasi kati yake, vinakula kama mita 7 za ukuta. Funga kila kimoja kwa mkanda kwenye vigingi viwili vya nondo ya milimita 16, urefu wa sentimita 60. Kibanda kitupu kina kilo 80 hadi 110 tu, na hatari ya kuangushwa na upepo ni kubwa zaidi mara tu baada ya kunyonywa.

Dawa kwa kawaida ni ya mtoa huduma, lakini muulize ni ya aina gani. Zile zenye formalini zinaua bakteria wa kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, zikataliwe. Kipimo kipo kwenye lebo. Kwa sababu ya maji ya kujisafishia, dawa inazimuliwa haraka: rangi ikigeuka kutoka bluu kuwa kijani, nguvu imekwisha hata kama tanki halijajaa.

Kingine kinachoua pampu zetu ni karatasi za mifuko ya saruji. Kopo na maji vikikosekana, watu wanachana mfuko wa saruji. Ile karatasi haiyeyuki. Dawa yake ni maji kuwepo wakati wote.

Na mkataba uandike uchafu unamwagwa wapi. Kwa Dar, magari hupeleka kwenye mabwawa ya DAWASA (mamlaka ya majisafi na majitaka) kama ya Vingunguti. Dai risiti ya kumwaga kwa kila safari. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, uliza mtaro gani unaopokea.

BintiUsalama

Kuhusu hayo maji: tanki la lita 1,000 juu ya tofali, mita moja kwenda juu, koki 5 na sabuni ya kipande iliyofungwa kwenye wavu ili isipotee. Watu 85 wakinawa mara 3 kwa siku, lita 1.5 kila mara, ni kama lita 380. Ongeza ya kujisafishia, tanki linakwenda siku 2 kwa shida. Mtu mmoja aandikwe jina kwamba kazi yake ni kulijaza na kufagia vyoo mara 2 kwa siku, asubuhi na baada ya chakula. Kazi isiyo na jina la mtu haifanyiki.

Maji ya kunawa yasiingie kwenye tanki la choo. Chimba shimo dogo la mita moja kwa moja, kina nusu mita kwa kuwa maji ya ardhini kwako yako juu, jaza kokoto, elekeza hapo. Kunawa siyo kwa ajili ya choo peke yake: saruji mbichi inachoma ngozi, na mikono yenye saruji ndiyo inayokula ugali mchana.

Ukipata kikundi kisichozidi watu 10 kwa mwanzo, kibuyu chirizi cha galoni la lita 20 kinafaa wakati tanki linasubiriwa.

Mjengo254

Mwanga pia. Desemba au Juni, zege likivuka saa moja jioni ndani ya kibanda ni giza totoro. Taa moja ya sola ya ukutani kwa kila vibanda viwili, na moja njiani. Dada hataingia gizani.

RambaSaba

Wakuu nimebadilisha ramani: vyoo 5 ukuta wa magharibi kuanzia mita 6 kutoka getini, cha wanawake kikiwa cha kwanza karibu na kibanda cha mlinzi, tanki la haja ndogo mwisho wa mstari, sinki za ghorofa ya 3 na ya 5 zikishuka kwenye tanki hilo hilo. Kunyonya Jumatano na Jumamosi. Kuna kasoro?

GariLaMajitaka

Moja. Ukinyonya Jumamosi, iwe jioni baada ya kazi. Ukinyonya asubuhi watu wanaongeza ya siku nzima, inakaa Jumapili na joto, Jumatatu inakukaribisha. Na haja ndogo ukiunganisha ghorofa zote kwenye tanki moja la lita 500, linyonywe siku zote mbili kama vyoo, usisubiri wiki.

MzeeWaZege

Njia ya malori ya kokoto na nondo inapita wapi sasa? Ukuta wa magharibi ukichukuliwa na vyoo kwa mita 7, weka vizuizi vya zege mbele yake upande wa kusini. Lori likirudi nyuma kutoka getini litakuwa linaelekea vyoo, na aliye ndani hana pa kukimbilia.

RambaSaba

Nimepokea. Naongeza vizuizi 3 na mtu wa kuelekeza malori. Nyenzo zitashushwa mbele ya jengo, kusini, na kusukumwa kwa toroli.